Johns Hopkins: chuo kilicholipa watu watafute wasichokijua

Watu wengi jina la Johns Hopkins walilijua 2020, kwenye ile ramani nyeusi ya korona yenye madoa mekundu ambayo kila tivii ilikuwa inaionyesha asubuhi mpaka usiku, wagonjwa wangapi, waliofariki wangapi, nchi gani imepanda leo. Ile ramani haikutoka Umoja wa Mataifa wala serikali yoyote. Ilitengenezwa na profesa wa uhandisi wa chuo hicho cha Baltimore anaitwa Lauren Gardner pamoja na mwanafunzi wake wa PhD, wakaipandisha mtandaoni tarehe 22 Januari 2020, wakati kwingine watu bado wanabishana kama huu ugonjwa ni wa kuuchukulia siriasi, na data zake wakaziacha wazi, anayetaka kupakua apakue bure. Mi nikajiuliza, hivi hawa nani kawatuma? Hakuna aliyewatuma. Hapo ndo nikaanza kusoma historia ya hiki chuo, natoka kwa mtu mmoja naangukia kwa mwingine, na mpaka leo sijaacha.

Na nimefikia mahali nina msimamo kabisa. Chuo hiki kina msemo wake wa Kilatini kwenye nembo, Veritas vos liberabit, ule wa injili ya Yohana, ukweli utawaweka huru. Mzuri. Ila ukitaka kujua chuo kinathamini nini kweli, angalia hela inamlipa nani na mlango unamfungia nani, kwa sababu hivyo viwili ndo vinaamua nani atapata nafasi ya kuutafuta huo ukweli, na kwa Johns Hopkins majibu ya hayo maswali mawili yamepishana kwa zaidi ya miaka mia.

Tuanze na mwenye hela. Johns Hopkins (ndiyo, jina la kwanza ni Johns na S yake, ni jina la ukoo wa bibi mmoja wa zamani kwenye familia likageuzwa la kwanza, na watu wa pale ukiandika John wanakereka) alizaliwa 1795 kwenye shamba la tumbaku Maryland, familia ya Quaker, dhehebu la Kikristo lisilotaka mambo ya pombe. Shule aliacha akiwa na miaka 12 arudi shambani, akiwa na 17 akaenda Baltimore kwa baba yake mdogo kujifunza biashara ya jumla. Baadaye yeye na ndugu zake wakawa wanapeleka bidhaa kwa magari ya farasi mpaka kwa wakulima wa bara, na wale wakulima wasiokuwa na pesa taslimu walikuwa wanalipa kwa whisky ya mahindi, nao wanaichukua wanaiuza mjini kwa jina la Hopkins' Best. Quaker anauza pombe! Wenzake kanisani wakamsimamisha kwa muda. Na kuna ile nyingine ya binti wa huyo baba mdogo, Elizabeth, walipendana lakini kanisa halikubali binamu kuoana, basi hakuoa na yule dada naye hakuolewa mpaka mwisho.

Hela kubwa ikatoka kwenye reli ya Baltimore and Ohio, maana alikuwa kati ya wenye hisa wakubwa na mkurugenzi humo. Alipofariki mkesha wa Krismasi 1873 wosia wake ulikuwa na dola milioni 7, nusu ya chuo na nusu ya hospitali, na kwa wakati ule Marekani hakuna mtu aliyewahi kutoa hela nyingi hivyo kwa mkupuo. Cha kushangaza ni kwamba kuhusu chuo hakusema mengi. Hospitali aliiandikia maelekezo, kwamba ipokee maskini wa mji bila kujali jinsia, umri wala rangi, lakini chuo chenyewe kiweje, kifundishe nini, aliwaachia wadhamini 12 wakae waamue. Naona hapo ndo bahati ilipoingia, kwa sababu mfanyabiashara aliyeacha shule ya msingi angeweza kabisa kudai chuo cha kufundisha vijana uhasibu na kilimo na hakuna ambaye angemlaumu.

Wadhamini wakafanya jambo la busara, wakawaita marais wa vyuo vikubwa wa wakati ule, Eliot wa Harvard, White wa Cornell, Angell wa Michigan, wakawahoji. Wote watatu wakataja jina moja la kiongozi, Daniel Coit Gilman, ambaye alikuwa rais wa chuo kikuu cha California na alishachoka na siasa za wabunge wa kule.

Sasa ili uelewe Gilman alikuja na nini inabidi uvuke bahari kwenda Ujerumani. Mwaka 1810 kilifunguliwa chuo kikuu cha Berlin, nyuma yake yuko Wilhelm von Humboldt, na wazo lililokuja kuambatanishwa na chuo kile ni kwamba kufundisha na kutafiti ni kazi moja, profesa anafundisha kile anachokitafuta na mwanafunzi anashiriki kukitafuta. Kule Giessen, Justus von Liebig naye kuanzia 1824 akawa na maabara ya kemia ambayo wanafunzi wenyewe wanachanganya dawa kwa mikono yao badala ya kumwangalia mwalimu. Vyuo vya Marekani kipindi hicho vingi vilikuwa kama sekondari zilizochangamka, kijana anakariri Kigiriki na Kilatini mbele ya mwalimu, anapewa maksi, basi. PhD ya kwanza Marekani ilitolewa Yale 1861 tu. Mmarekani aliyetaka kweli kuwa mwanasayansi alipanda meli kwenda Ujerumani, na walienda wengi.

Gilman akasema hayo mambo ya Ujerumani tuyafanye hapahapa. Akaapishwa tarehe 22 Februari 1876 na kwenye hotuba yake kuna sehemu naipenda sana, anaeleza kwamba kelele zote hizi za kutaka vyuo maana yake ni hamu ya kupunguza dhiki kwa maskini, ujinga mashuleni, ubaguzi wa imani makanisani, mateso hospitalini, utapeli kwenye biashara na upuuzi kwenye siasa. Orodha hiyo ina kama miaka mia na nusu sasa na hakuna kipengele hata kimoja unachoweza kukifuta.

Halafu akafanya kitu ambacho wengi waliona ni wazimu, hakujenga. Wakachukua nyumba za kawaida tu mjini, mtaa wa Howard, na hela wakaanza kununua watu. Alizunguka Marekani, akaenda Ulaya 1875, akarudi na orodha. Mgeni rasmi waliyemwita kuhutubia Septemba 1876, Thomas Huxley, yule Mwingereza rafiki mkubwa wa nadharia ya Darwin, akaliunga mkono wazi kabisa, akawaambia mkishapata walimu na maabara na vitabu, hela ikibaki basi mtafute fundi mwaminifu awajengee vyumba mnavyohitaji tu, mapambo mwachie muda. Ila hotuba yenyewe ilizua balaa lingine, maana siku ile hakukuwa na sala ya kufungua. Chuo kipya, hakina dhehebu, mgeni ni Huxley, na hakuna aliyeomba! Mchungaji mmoja akaandika barua inayochekesha mpaka leo, kwamba kumwalika Huxley lilikuwa baya, bora wangemwalika Mungu, na kuwaalika wote wawili kwa pamoja lingekuwa jambo la kuchekesha. Gilman aliteseka nayo hiyo.

Hao watu aliowanunua ndo utamu wenyewe. Wa hisabati alikuwa James Joseph Sylvester, Mwingereza Myahudi, mzee wa miaka zaidi ya 60, ambaye alifanya mtihani Cambridge 1837 akashika nafasi ya pili lakini digrii akanyimwa kwa sababu alikataa kusaini imani ya kanisa la Anglikana, na baadaye chuo cha kijeshi alichofundisha kikamstaafisha mapema. Mzee mkorofi, msahaulifu, anaandika mashairi mabaya. Alipoitwa Baltimore akadai mshahara ulipwe kwa dhahabu, noti za Marekani haziamini. Wakamlipa. Mwaka 1878 akaanzisha jarida la hisabati, American Journal of Mathematics, ambalo linatoka mpaka leo, na mwaka huohuo chuo kikaanzisha na shirika lake la uchapaji, nalo lipo mpaka leo. Gilman aliona wazi kwamba utafiti ambao haujachapishwa ni sawa na haujafanyika.

Wa fizikia alikuwa Henry Rowland, kijana hajafika 30, ambaye karatasi yake ya sumaku ilikuwa imekataliwa na jarida la nyumbani Marekani mpaka akaamua kuituma moja kwa moja kwa James Clerk Maxwell kule Uingereza, na Maxwell akaona huyu ni mtu, ikachapishwa London 1873. Gilman alichukua mtu ambaye wakubwa wa nchi yake hawakumwelewa, na yule kijana baadaye akatengeneza mashine ya kuchora mistari zaidi ya elfu kumi ndani ya inchi moja ya chuma, sahani za kuchambulia mwanga, wanaastronomia wa dunia nzima wakawa wanazinunua kwake. Wa kemia Ira Remsen, alisomea PhD yake Ujerumani. Wa Kigiriki Basil Gildersleeve, na yeye zao la Ujerumani. Wa biolojia Henry Newell Martin, mwanafunzi wa Huxley.

Na wanafunzi je? Hapa ndo sehemu mpya kabisa. Chuo kilitangaza nafasi 20 za kila mwaka, dola 500 kila mmoja, kwa vijana waliomaliza digrii, waje tu watafute. Fikiria 1876 mtu anakulipa usome, na siyo usome vilivyoandikwa, usome ambacho hakijaandikwa. Waliitikia wengi. Josiah Royce mwanafalsafa alikuwa kwenye kundi la kwanza, John Dewey alichukua PhD yake hapo 1884, Woodrow Wilson 1886, ndo rais pekee wa Marekani aliyekuwa na PhD. Walisoma kwa semina, meza moja ndefu, vitabu katikati, mwanafunzi analeta alichokipata wenzake wanakichana vipandevipande na profesa amekaa palepale. Nimesoma kumbukumbu za watu waliokaa kwenye meza zile na wengi wanazungumza kama watu waliookoka.

Siyo kwamba kila kitu kilikuwa kitakatifu. Mwaka 1879 kwenye maabara ya Remsen, Mrusi mmoja anaitwa Constantin Fahlberg alirudi nyumbani kula, akaona mkate mtamu kupita kawaida, kumbe hakunawa mikono, akarudi maabara akaonja kila chombo mezani (usijaribu) mpaka akaipata, ndo sakarini hiyo, kile kitamu kinachotumika badala ya sukari. Wakaandika karatasi pamoja, yeye na Remsen. Miaka michache baadaye Fahlberg akachukua patenti peke yake akafungua kiwanda Ujerumani akatajirika, Remsen hakutajwa. Remsen alikasirika sana, na ukimsoma unaona kilichomuuma ni kuporwa jina zaidi ya hela, maana kwake sayansi ya viwandani ilikuwa kitu cha chini kidogo. Leo chuo chochote kingekuwa na ofisi ya wanasheria imeshapeleka makaratasi kabla ya chakula cha mchana kuisha. Sijui kama hayo ni maendeleo, nadhani ndiyo na hapana.

Haya sasa mlango.

Mwaka 1878 yuleyule Sylvester alipokea maombi ya mtu anaitwa C. Ladd, akalikumbuka jina kwenye majarida ya hisabati ya Uingereza, akasema huyu apewe nafasi. C. ilikuwa Christine. Wadhamini wakashtuka, ila Sylvester hakutaka kusikia, akaingizwa kwa ruhusa maalum, mwanzoni madarasa ya Sylvester tu, na hata alipokuwa analipwa zile dola 500 jina lake hawakulichapisha pamoja na ya wenzake ili isije ikawa mfano kwa wengine. Akamaliza kazi yake ya logiki chini ya Charles Sanders Peirce 1882, kila kitu tayari, digrii wakamnyima kwa sababu ni mwanamke. Wakaja kumpa 1926, kwenye sherehe za miaka 50 ya chuo, bibi ana miaka 78, na alikwenda mwenyewe kuichukua. Mi ningekuwa yeye sijui kama ningeenda. Na Sylvester aliyenyimwa digrii Cambridge kwa dini yake alikuwa amelijua hilo jambo kwa ndani, ndo maana nadhani alipigana, wale wengine walikuwa wanaongea ukweli utawaweka huru huku wameshika funguo.

Florence Bascom alifanikiwa kupata PhD ya jiolojia 1893, mwanamke wa kwanza kupewa na chuo hicho, lakini darasani alikaa nyuma ya kizuizi ili wanaume wasipate usumbufu. Unasomea miamba nyuma ya pazia. Kelly Miller, mtoto wa mama aliyekuwa mtumwa, aliingia 1887 kusomea hisabati na fizikia masomo ya juu, mweusi wa kwanza chuoni hapo, na 1889 akaondoka kwa sababu chuo kilipandisha ada hakuweza kulipa. Mwanafunzi mweusi wa digrii ya kwanza hakuonekana mpaka 1945. Wanawake wa digrii ya kwanza mpaka 1970, nimerudia kuiangalia hiyo tarehe nikidhani nimeisoma vibaya.

Kwa nini ada ilipanda? Ile reli. Fungu kubwa la chuo lilikuwa hisa za Baltimore and Ohio, na mwishoni mwa miaka ya 1880 reli ikayumba ikaacha kutoa gawio, chuo kikajikuta hakina mapato, wenye uwezo wa Baltimore wakachanga kukiokoa. Hospitali ilishafunguliwa 1889, madaktari wakubwa wameshaajiriwa, lakini shule ya udaktari haikuweza kufunguliwa kwa sababu hela hakuna.

Ndo akaingia Mary Elizabeth Garrett. Baba yake alikuwa rais wa reli hiyohiyo, kwa hiyo hela iliyokiangusha chuo na hela iliyokiinua zimetoka kwenye reli moja. Yeye na marafiki zake, mabinti wa wadhamini wenyewe, walikuwa na kinyongo cha siku nyingi, mmoja wao M. Carey Thomas aliwahi kukubaliwa Hopkins halafu akakatazwa kuingia darasani, akaondoka akaenda kuchukua PhD yake Zurich 1882 kwa daraja la juu kabisa. Wakachangisha kwa wanawake wa nchi nzima, na pengo lililobaki kufika dola 500,000 Garrett akaliziba mwenyewe, zaidi ya dola 300,000. Ila akaweka masharti. Wanawake waingie kwa vigezo vilevile vya wanaume. Na kila anayeingia, mke kwa mume, awe na digrii kwanza, awe amesoma sayansi, ajue Kifaransa na Kijerumani. Wakati ule shule nyingi za udaktari Marekani ulihitaji ada na kujua kusoma, na nyingine hata kusoma haikuwa lazima sana.

Waheshimiwa walihangaika! Masharti ya vigezo yaliwatisha kama yale ya wanawake, au zaidi, William Osler, mmoja wa wale madaktari walioajiriwa, alimwambia mwenzake William Welch tumebahatika kuingia kama maprofesa maana kama wanafunzi mimi na wewe tusingepata nafasi. Wakakubali, hela ni hela. Oktoba 1893 darasa la kwanza likawa na watu 18, watatu wanawake. Ukisoma leo sifa za shule hiyo, utaona zimetajwa zile nguzo nne, madaktari Welch, Osler, Halsted na Howard Kelly, wana picha yao kubwa ya mafuta wamevaa majoho. Kwangu mimi mwanzilishi wa tano ni Garrett. Kiwango ambacho kiliifanya shule ile iwe shule alikileta mtu asiye na digrii yoyote, na alikileta kwa kuwabana.

Baada ya hapo kasi ikawa kubwa. Osler akawatoa wanafunzi darasani akawapeleka wodini kitandani kwa mgonjwa, ule mfumo wa daktari kukaa hospitalini miaka kadhaa akijifunza chini ya wakubwa ukakomazwa hapo. William Halsted, mpasuaji mwenye mikono ya polepole na mateka wa kokeini na baadaye mofini mpaka mwisho wa maisha yake, aliagiza glavu za mpira kwa sababu nesi wake Caroline Hampton alikuwa anaungua ngozi na dawa ya kuulia vijidudu, hakuwa anafikiria wagonjwa kabisa, baadaye ndo ikaonekana vidonda vinaoza kidogo zaidi glavu zikivaliwa. Alimuoa pia, 1890. Na 1910 Abraham Flexner, aliyesoma hapo hapo, akatoa ripoti yake baada ya kuzunguka shule 155 za udaktari Marekani na Canada, kipimo chake kikiwa Hopkins, na shule mbovu zikaanza kufungwa kwa wingi. Wengi wanaishia hapo kwenye kusifu. Ila kati ya shule saba za udaktari za watu weusi tano zilifungwa pia, na hawa madaktari waliokosekana hawakupatikana kwingine kwa sababu milango ya kwingine, Hopkins ikiwemo, ilikuwa imefungwa kwao. Kiwango bila mlango ni ukuta tu.

Nadhani hakuna mahali hili linaonekana vizuri kama kwa Vivien Thomas. Alitaka kuwa daktari, akiba yake ya chuo ikapotea benki ilipofilisika kwenye mdororo wa 1930, akaishia kuwa msaidizi wa maabara wa daktari wa upasuaji Alfred Blalock, akamfuata Baltimore 1941. Helen Taussig, daktari wa moyo wa watoto ambaye masikio yake yalikuwa yamepoteza nguvu akawa anapima mapigo kwa vidole, alileta wazo la kuwasaidia watoto wanaozaliwa na moyo wenye hitilafu mpaka wanageuka rangi ya bluu. Thomas ndiye aliyeshughulika na mbwa maabara mpaka njia ya upasuaji ikapatikana, yeye ndo alikuwa ameifanya mara nyingi kuliko mtu yeyote. Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock akampasua mtoto wa kwanza huku Thomas amesimama kwenye stuli nyuma ya bega lake, anamwelekeza. Operesheni ikaitwa Blalock-Taussig. Thomas akaendelea kuwafundisha madaktari wa upasuaji miaka na miaka bila cheo cha ualimu, mpaka chuo kilipompa udaktari wa heshima 1976, na wenyewe ulikuwa wa sheria.

Miaka saba baada ya upasuaji ule, 1951, akaja Henrietta Lacks, mama mweusi wa watoto watano, ana saratani ya shingo ya kizazi. Kumbuka mwanzilishi aliagiza weusi wapokelewe, na walipokelewa, wodi za kwao. Seli zake zilichukuliwa bila yeye kuulizwa, George Gey kwenye maabara yake akaona ajabu, haziachi kuzaliana, za kwanza za binadamu kuishi nje ya mwili bila kikomo, akazigawa bure kwa kila mtafiti aliyeomba. Zikasaidia chanjo ya polio na mambo yasiyohesabika. Yeye akafariki Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 31, na familia ikaja kujua miaka ya 1970. Sheria ya wakati ule haikudai ruhusa, hiyo najua, na Gey hakuuza. Yaani ile tabia nzuri kabisa ya chuo hiki, kugawa unachokipata ili wengine watafute zaidi, ileile ya kwenye ramani ya 2020, hapa iligawa mali ambayo mwenyewe hakuulizwa. Nimeshindwa kuitoa kichwani hiyo, kwa sababu huwezi kusema walisaliti maadili yao. Waliyafuata, tatizo ni nani alihesabiwa kuwa yumo.

Turudi kwenye hela kidogo. Vita vya pili vilibadilisha mlipaji. Mwaka 1942 chuo kikaanzisha maabara yake kubwa ya fizikia tumizi, APL, wakaunda fyuzi inayolipua kombora likikaribia ndege bila kugusa, kazi ya siri kabisa, chuo ambacho kilianzisha majarida ili kila kitu kichapishwe. Maabara hiyohiyo ndo iliyotengeneza chombo kilichopita Pluto Julai 2015, na kile kilichogonga jiwe la angani makusudi Septemba 2022 kulisukuma. Tangu 1979 hakuna chuo Marekani kinachotumia hela nyingi zaidi kwenye utafiti, sasa ni zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka, na fungu kubwa linatoka serikali kuu. Unaona inakoelekea. Machi 2025 serikali ilipokata fedha za misaada ya nje, chuo kilipoteza zaidi ya dola milioni 800 na kikatangaza kupunguza watu zaidi ya 2,000, wengi wao wakiwa kazini kwenye nchi 44 nje ya Marekani, wale wa kliniki za akina mama na wa malaria. Mwaka 1888 ilikuwa reli, 2025 ikawa serikali. Garrett alikuwa na masharti mawili na yote yalikiinua chuo, sijaona mlipaji mwingine wa aina yake.

Kitu cha mwisho nilichokifuatilia ni cha mzee mwenyewe. Miaka yote chuo kilisimulia kwamba Johns Hopkins alipinga utumwa na kwamba wazazi wake waliwaacha huru watumwa wao 1807, ndo maana eti akatolewa shule akalime. Stori hiyo ilienezwa na kitabu cha ndugu yake wa ukoo cha 1929. Desemba 2020 chuo chenyewe kikatangaza kwamba watafiti wake wamekuta daftari za sensa ya serikali, 1840 kuna mtu mmoja mtumwa kwenye nyumba yake, 1850 wanne. Majina hakuna, daftari zile ziliandika umri, jinsia na vitu kama hivyo tu. Wengine nje ya chuo wakaja juu, wakasema daftari hazithibitishi kwamba yeye ndiye aliyewamiliki, wakaleta karatasi zao, wa chuo wakajibu kwa karatasi zao, na picha za zile daftari ziko mtandaoni yeyote anaweza kuzifungua. Mi nimezisoma pande zote na naegemea kwa wa chuo, ile safu ya 1850 ni ngumu kuikwepa, ila wale wengine wana hoja moja kuhusu 1840 ambayo sijaona imejibiwa vizuri, kwa hiyo bado nasoma.